Jinsi ya kuthibitisha kwenye jiometri bila kukariri: mwongozo kamili kwa mwanafunzi, mzazi na mwalimu

Kuna wanafunzi wanapiga aljebra vizuri tu, milinganyo yote wanaimaliza, lakini wakikutana na swali linaloanza na "thibitisha kwamba" wanaliruka wanaenda linalofuata. Na wale wanaolijaribu wengi wao wamekariri, wanajua kuna safu mbili, kushoto sentensi kulia sababu, wanazijaza kama fomu, sasa wabadilishie tu herufi za pembetatu kutoka ABC kwenda PQR uone, hapo hapo wanakwama. Mimi msimamo wangu ni kwamba shida haiko kwenye akili ya mwanafunzi. Shida ni kwamba tunamuonyesha uthibitisho ukiwa umeshaisha, msafi, kila mstari mahali pake, hatumuonyeshi ulivyotafutwa. Kutafuta uthibitisho na kuandika uthibitisho ni kazi mbili tofauti kabisa na mara nyingi zinaenda kinyume, unatafuta ukianzia mwisho halafu unaandika ukianzia mwanzo. Asiyeambiwa hilo anakaa anaitazama karatasi akisubiri mstari wa kwanza ushuke wenyewe, na hauji.

Kwahiyo hapa nitakaa zaidi kwenye kutafuta. Chukua karatasi, penseli, rula na bikari, maana sehemu nyingi za huu mwongozo huwezi kuzielewa kwa kusoma tu.

Kabla ya yote: amini kwanza kwamba kupima hakutoshi

Hii sehemu watu wanairuka na ndiyo inaharibu kila kitu mbele, kwa sababu mwanafunzi asiyeona haja ya uthibitisho atauona ni usumbufu wa mwalimu. Anakuambia "si nimepima kwa protrakta, zimekuja sawa, unataka nini tena?" Na kwa upande wake ana haki ya kuuliza hivyo.

Mpe hii. Chora duara kubwa, weka nukta 2 kwenye mzingo wake, ziunganishe kwa mstari, duara limegawanyika vipande 2. Chora jingine lenye nukta 3, kila nukta iunganishe na kila nyingine, hesabu, vipande 4. Nukta 4 vipande 8. Nukta 5 vipande 16. Sasa muulize nukta 6 zitatoa vingapi, kila mtu atasema 32, hata wewe sasa hivi umeshasema moyoni. Chora taratibu, hesabu, weka alama kwenye kila kipande ulichohesabu ili usirudie. Vinatoka 31. Hamisha nukta utakavyo, 31 ndiyo mwisho, na ukizipanga kwa umbali ulio sawa kabisa vinapungua mpaka 30 maana mistari mitatu mirefu inapita sehemu moja pale katikati.

Kwa namba nako kuna kama hiyo. Chukua n × n + n + 41, weka n = 0 unapata 41, weka 1 unapata 43, weka 2 unapata 47, zote namba tasa, na inaendelea hivyo hivyo bila kukosea mpaka n = 39. Yaani mifano 40 mfululizo yote imekubali! Ukiweka 40 unapata 40 × 41 + 41, ambayo ni 41 × 41, siyo tasa. Mtu aliyeishia kwenye mfano wa 40 angeapa kabisa.

Baada ya hapo hauhitaji kuhubiri. Kupima kunakupa wasiwasi mzuri kwamba kuna kitu hapa, na huo wasiwasi unautaka sana, ila ukijumlisha pembe tatu za pembetatu protrakta yako inasoma 179 au 181 na pembetatu ulizopima ni chache wakati pembetatu zilizopo hazina mwisho. Kitu kinachozishika zote kwa mkupuo mmoja ni sababu.

Hatua ya 1: tenganisha ulichopewa na unachotakiwa

Kila swali la kuthibitisha ligeuze liwe sentensi ya "ikiwa... basi...". Wakati mwingine limefichwa. "Mishazari ya rombasi hukatana kwa nyuzi 90" maana yake ni: ikiwa umbo ni rombasi, basi mistari inayounganisha kona zake zinazotazamana inakatana kwa nyuzi 90. Vya kwenye "ikiwa" viandike upande mmoja, cha kwenye "basi" kiandike upande mwingine na ukizungushie duara, hicho hauruhusiwi kukitumia mpaka ukifikie. Nusu ya makosa ninayoyaona kwenye madaftari ni mtu ametumia kile kile alichotakiwa kukithibitisha, ameona kwenye picha kinaonekana kweli akakiweka mstari wa tatu kama sababu.

Halafu jiulize, sentensi ikigeuzwa inabaki kweli? Ikiwa mishazari inakatana kwa nyuzi 90, basi ni rombasi? Hapana, chora umbo la tiara, mishazari yake inakatana kwa nyuzi 90 na pande zake siyo zote sawa. Kuna sentensi zinageuka na kubaki kweli, kuna ambazo hazigeuki, na kuthibitisha upande mmoja hakukupi upande wa pili bure. Euclid, mwanahisabati Mgiriki wa kale, kwenye kazi yake ya Elementi, kama mwaka 300 KK, kitabu cha kwanza kina kanuni 48, ya 47 ndiyo hii ya Pythagoras na ya 48 ni hiyo hiyo imegeuzwa, ameithibitisha peke yake kivyake. Mafundi wanaopima kona kwa 3, 4, 5 wanatumia ya 48, siyo ya 47, maana wao wanaanza na urefu wa pande wanaishia kwenye pembe.

Hatua ya 2: chora picha isiyokupendelea

Swali likisema "pembetatu yoyote" usichore ile nzuri yenye pande zinazokaribia kulingana, mkono unapenda hiyo, ukatae. Chora iliyolala, yenye pembe moja butu, halafu chora ya pili ya aina tofauti. Kitu kinachoonekana kweli kwenye picha zote mbili ndiyo cha kukifuatilia, kinachoonekana kwenye moja tu ni bahati ya mchoro.

Nielezee kwanini nasisitiza. Kuna uthibitisho maarufu wa uongo unaosema kila pembetatu ina pande mbili sawa. Unachukua pembetatu ABC, unachora mstari unaogawa pembe A katikati, unachora mwingine unaokata BC katikati kwa nyuzi 90, unasema inakutana sehemu inaitwa D, ndani ya pembetatu. Toka D unashusha mistari miwili ya nyuzi 90, mmoja kwenye AB mwingine kwenye AC. Kuanzia hapo pembetatu zinazolingana zinajipanga zenyewe, kila hatua ina sababu halali, unajumlisha vipande unakuta AB = AC. Mtu anaweza kukaa nao jioni nzima asione kosa kwa sababu kosa haliko kwenye maandishi, liko kwenye picha. Ukichora kwa bikari kwa uangalifu utaona D inaangukia nje ya pembetatu, na ile mistari miwili iliyoshushwa mmoja unagusa upande wenyewe na mwingine unagusa upande ukiwa umerefushwa, kwahiyo pale ulipojumlisha upande mmoja ilitakiwa utoe. Neno moja tu "ndani" ndiyo limebeba uongo wote.

Kila unaposoma "ndani", "katikati ya", "upande wa kulia wa" kwenye uthibitisho wako, simama uulize nani kakuambia.

Hatua ya 3: kusanya vifaa vichache uvijue kweli

Hauhitaji kanuni 60. Kwa jiometri ya sekondari vingi vinatoka kwenye hivi: pembe zinazotazamana pale mistari miwili inapokatana ni sawa, mistari sambamba ikikatwa na mmoja inatoa pembe za Z zilizo sawa na pembe za F zilizo sawa, na hizi mbili zinageuka, jumla ya pembe za pembetatu ni nyuzi 180, na vigezo vya pembetatu kulingana kabisa, yaani pande tatu (SSS), pande mbili na pembe iliyo katikati yao (SAS), pembe mbili na upande (ASA na ndugu yake AAS), na ile ya pembetatu mraba, yenye pembe moja ya nyuzi 90 (upande mrefu kuliko wote na upande mwingine mmoja). Ongeza kufanana kwa pembetatu na umemaliza.

Ila hicho kigezo cha pande mbili na pembe, sisitiza pembe iwe KATIKATI ya hizo pande. Usimkaririshe, mfanye aone. Chora mstari, mwanzo wake uite A, toka A chora AB yenye sentimita 10 ikiwa na pembe ya nyuzi 30 na ule mstari. Sasa weka sindano ya bikari kwenye B, ifungue sentimita 6, zungusha. Inakata mstari wa chini sehemu mbili, moja kama sentimita 5.3 kutoka A na nyingine kama sentimita 12. Pembetatu mbili tofauti kabisa, moja fupi moja ndefu, zote zina nyuzi 30, zote zina 10, zote zina 6. Mwanafunzi akishaona hiyo kwa mkono wake hatarudia kuandika pembe iliyo pembeni kama kigezo.

Hatua ya 4: anzia mwisho urudi nyuma

Hapa ndipo kazi ilipo, nitakaa kidogo.

Swali: chukua pembenne yoyote ABCD, pande zote tofauti, mbaya utakavyo. Tafuta katikati ya kila upande, P katikati ya AB, Q katikati ya BC, R katikati ya CD, S katikati ya DA. Unganisha PQRS. Thibitisha ni msambamba. (Chora kwanza. Chora tatu. Inashangaza kwamba kila mara inatoka, hata pembenne yenyewe ikiwa imebonyea ndani. Inaitwa kanuni ya Varignon, ilichapishwa 1731, miaka zaidi ya 2000 baada ya Euclid, na hakuna kitu ndani yake ambacho Euclid asingeweza.)

Mwanafunzi wa kawaida anaanza na alichopewa: AP = PB, BQ = QC, CR = RD, DS = SA. Anaandika yote manne. Halafu? Hakuna pa kwenda, anakaa. Sasa geuza. Uliza mwisho: ili umbo liwe msambamba natakiwa nionyeshe nini? Kuna njia kadhaa, pande zinazotazamana ziwe sambamba, au jozi moja tu iwe sambamba na yenye urefu sawa. Ziandike zote chini ya karatasi. Kwahiyo sasa swali limebadilika, halisemi tena "msambamba", linasema "onyesha PQ na SR ni sambamba". Uliza tena: najua kitu gani kinachotoa mistari sambamba na kinahusu katikati za pande? Upekue ule mfuko wa vifaa. Kipo, kinatoka kwenye kufanana kwa pembetatu: kwenye pembetatu, mstari unaounganisha katikati za pande mbili ni sambamba na upande wa tatu na ni nusu yake.

Sawa, lakini kwenye picha yangu hakuna pembetatu, kuna pembenne. Hapa usikimbie. P iko kwenye AB, Q iko kwenye BC, hizo pande mbili zinakutana B, kwahiyo kuna pembetatu karibu iwepo, ina pande mbili tayari inakosa wa tatu tu. Wa tatu ungekuwa AC. Basi uchore! Na mara tu ukichora AC unaona R na S nazo ziko kwenye CD na DA, pande za pembetatu nyingine ambayo upande wake wa tatu ni huo huo AC. Kwahiyo PQ ni sambamba na AC na ni nusu yake, SR nayo ni sambamba na AC na ni nusu yake, basi PQ na SR ni sambamba na ni sawa. Imekwisha.

Angalia kilichotokea. Ule mstari AC ambao kwenye kitabu unatokea ghafla, "unganisha AC", na mwanafunzi anajiuliza huyu mtu alijuaje, haukutoka kwenye kipaji. Umetoka kwenye swali "kifaa changu kinahitaji nini ambacho picha haina?" Hilo swali moja linazaa karibu mistari yote ya kuongeza utakayokutana nayo shuleni. Una kanuni ya pembetatu na picha haina pembetatu, ikamilishe. Una duara na nukta kwenye mzingo, chora nusu kipenyo kwenda kwenye hizo nukta maana zote ni sawa na zinakupa pembetatu yenye pande mbili sawa. Una pembe zilizotawanyika unataka kuzikusanya sehemu moja, chora mstari sambamba.

Na usiache swali likiwa bado la moto. Kwa kuwa sasa unajua PQRS inatawaliwa na mishazari ya ABCD, jiulize itakuwa mstatili lini? Itakuwa rombasi lini? Majibu yanatoka yenyewe: mstatili pale mishazari inapokatana kwa nyuzi 90, rombasi pale mishazari inapokuwa na urefu sawa. Anayejibu hayo bila kuangalia popote amezielewa zile hatua zote.

Hatua ya 5: kuwa makini na mpangilio, nini kinategemea nini

Mfano wa pembetatu pacha, ile ya pande mbili sawa. AB = AC, thibitisha pembe B = pembe C. Mwongozo wa kurudi nyuma unakuambia: pembe sawa natolea wapi? Kwenye pembetatu zinazolingana. Ninazo mbili? Hapana ninayo moja, basi niigawe kutoka A.

Kosa linalopita sana hapa ni mtu kuandika "chora AM inayokata BC katikati, kwa nyuzi 90, na kuigawa pembe A". Hauwezi kuagiza mambo matatu kwa mstari mmoja. Mstari kutoka A una nafasi ya sharti moja tu, chagua: ama uende katikati ya BC, ama ugawe pembe A, ama ushuke kwa nyuzi 90. Mengine mawili ni kweli ila ni matokeo, yanakuja baadaye. Tuchague katikati. Sasa ABM na ACM: AB = AC tumepewa, BM = CM kwa jinsi tulivyochagua M, AM ni ya wote. Pande tatu. Zinalingana kabisa, kwahiyo pembe B = pembe C.

Safi, lakini ukimsoma Euclid utakuta hakufanya hivyo, alipita njia ndefu zaidi, na sababu yake inafundisha sana. Kwenye mpangilio wake hii ya pembetatu pacha ni kanuni ya 5, na kigezo cha pande tatu ni kanuni ya 8, na ili aithibitishe ya 8 alitumia ya 7 ambayo yenyewe inaegemea ya 5. Angetumia pande tatu kuithibitisha ya 5 angekuwa anazunguka duara, A inashikiliwa na B na B inashikiliwa na A. Sisi tunaruhusiwa kama tumekubali pande tatu kama msingi tangu mwanzo, na vitabu vingi vya shule vinafanya hivyo. Ila lazima ujue umesimama juu ya nini.

Na kuna uthibitisho mwingine wa hii, wa Pappus wa Alexandria, karne ya 4, ambao mimi naupenda kuliko wote wa jiometri ya shule. Hauongezi mstari wowote. Linganisha pembetatu ABC na yenyewe ikiwa imegeuzwa, yaani ACB. AB = AC, AC = AB, pembe A ni sawa na pembe A. Pande mbili na pembe katikati, basi zinalingana, basi B = C. Mwache mwanafunzi akae nao kimya dakika kadhaa, usimwelezee haraka.

Hatua ya 6: ndiyo sasa uandike

Kuandika ni kugeuza ule mnyororo: ulipoishia kutafuta ndipo unapoanzia. Sema ulichopewa, sema mstari ulioongeza na sharti lake moja, halafu kila sentensi na sababu yake. Safu mbili siyo lazima, aya ya kawaida inatosha kama kila "kwahiyo" ina mguu wa kusimamia. Herufi za pembetatu zipange kwa jinsi zinavyolingana, ukiandika ABM inalingana na ACM maana yake B inakaa na C, usichanganye, maana msomaji anachukua pembe zake kutoka kwenye huo mpangilio. Basi, hapa hakuna mengi.

Hatua ya 7: ushambulie uthibitisho wako

Pitia ulichopewa kimoja kimoja uulize nilikitumia wapi? Kama kuna ambacho hakijatumika kabisa, ama swali limekupa ziada ama umedanganya sehemu, na mara nyingi ni la pili.

Halafu jaribu kukitoa kimoja uone kinachovunjika. Chukua jumla ya pembe za pembetatu. Ukichana kona tatu za karatasi ukazipanga zinakaa kwenye mstari mnyoofu, hiyo ni hisia. Uthibitisho: pitisha mstari kwenye A ulio sambamba na BC, pembe B inahamia juu kwa Z, pembe C inahamia juu kwa Z ya upande wa pili, zote tatu zimekaa A kwenye mstari mmoja, nyuzi 180. Umetumia nini? Kwamba huo mstari sambamba upo na pembe zake za Z ni sawa. Sasa hamia juu ya tufe, toka ncha ya kaskazini shuka mpaka ikweta, tembea robo ya ikweta, panda urudi kwenye ncha. Pembe tatu za nyuzi 90, jumla 270. Uthibitisho umevunjikia wapi? Kwenye tufe hakuna mistari sambamba. Hiyo sentensi moja kuhusu usambamba, ile uthibitisho wetu ulioitegemea, watu waliihangaikia karne na karne wakidhani inaweza kuthibitishwa kutoka kwenye nyingine, mpaka wanahisabati Lobachevsky (1829) na Bolyai (1832) walipochapisha jiometri zinazoikataa kabisa na zinasimama bila kujipinga.

Kwa walimu na wazazi

Mwaka 1957 huko Uholanzi, mke na mume waliokuwa walimu, Dina van Hiele-Geldof na Pierre van Hiele, waliwasilisha tasnifu zao kuhusu jinsi wanafunzi wanavyokua kwenye jiometri. Waliona kuna ngazi. Ya kwanza mtoto anatambua umbo kwa sura, mraba ukiinamishwa anakataa kwamba ni mraba. Ya pili anajua sifa, pande nne sawa, pembe nne za nyuzi 90, ila ni orodha tu. Ya tatu anaona sifa moja inaileta nyingine, anakubali mraba ni mstatili pia. Ya nne ndiyo uthibitisho. Ya tano ni kulinganisha mifumo mizima ya jiometri. Na jambo kubwa walilosema ni kwamba ngazi hazirukwi, na mwalimu akiongea kwa ngazi ya nne na mwanafunzi yuko ya pili wanatumia maneno yale yale lakini hawaelewani.

Kwahiyo kabla haujaanza mada muulize swali moja: mraba ni mstatili? Akisema hapana, usimlaumu na usianze kuthibitisha, rudi mfanye kazi ya kupanga maumbo, lipi ni aina ya lipi na kwanini.

Na msingi unaanza mapema sana, shule ya msingi. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuthibitisha. Muulize kwanini witiri ukijumlisha na witiri unapata shufwa. Atakupa mifano, 3 + 5, 7 + 9. Mwambie ndiyo, lakini zote? Mpe vifuniko vya chupa avipange jozi jozi. Shufwa inaisha kwa jozi, witiri kila mara inabaki na kimoja pembeni. Ukileta witiri mbili wale wawili waliobaki wanakuwa jozi. Huo ni uthibitisho kamili, hauna herufi hata moja na unashika namba zote. Mpeleke tena: 1 + 3 = 4, 1 + 3 + 5 = 9, 1 + 3 + 5 + 7 = 16, kwanini kila mara inatoka namba ya mraba? Aanze na kifuniko kimoja, azungushie vitatu kwa umbo la L, kisha vitano, mraba unakua mbele yake.

Kuwa makini pia na maelezo tunayowapa ambayo yana tundu. Eneo la msambamba, tunasema kata pembetatu upande huu hamishia upande ule upate mstatili. Vizuri, ila mpe msambamba ulioinama sana, kitako 2, kimo 6, na upande wa juu umesogea 5 kwenda kulia. Mstari wa kimo unaangukia nje ya kitako, hakuna pembetatu ya kukata! Mtoto makini ataliona hilo na anastahili jibu. Uzungushie mstatili wa 7 kwa 6, eneo 42, pembeni kuna pembetatu mraba mbili za 5 kwa 6, kila moja 15, toa 30, inabaki 12, ambayo ni 2 × 6. Kisha badilisha namba kwa herufi uone kwanini inatoka siku zote.

Kwenye kusahihisha, toa maksi kwa mpango hata kama haujafika mwisho. Mwanafunzi aliyeandika "nikionyesha PQ sambamba na SR nimemaliza" amefanya sehemu ngumu. Na darasani badala ya kuuliza "mmeelewa?" uliza "kuna sentensi gani hapa hamuiamini?", utashangaa mikono itakavyoinuka.

Mpangilio wa mazoezi

Anza na pembe zinazotazamana kwenye mistari miwili inayokatana, fupi lakini ni uthibitisho. Kisha pembe ya nje ya pembetatu ni jumla ya zile mbili za ndani zilizo mbali nayo. Kisha pembetatu pacha iliyogeuzwa: pembe mbili sawa zinatoa pande mbili sawa (njia ya Pappus inafanya kazi hapa pia, kwa kigezo kingine). Kisha msambamba, pande zinazotazamana ni sawa, igeuze, mishazari inagawana katikati, igeuze. Kisha ile kanuni ya katikati za pande za pembetatu tuliyoikopa kwenye hatua ya 4, ithibitishe kwa kufanana kwa pembetatu. Kisha nusu duara: kipenyo AB, C popote kwenye mzingo, thibitisha pembe C ni nyuzi 90. Dokezo ni lile lile, chora nusu kipenyo kwenda C, zinatoka pembetatu pacha mbili.

Halafu Pythagoras. Chora mraba wenye upande a + b, ndani yake panga pembetatu mraba nne zenye pande a, b na c (c ndiyo ndefu kuliko zote) kwenye kona, katikati linabaki umbo lenye pande c. Eneo lote ni (a + b) mara (a + b), na ni c² pamoja na pembetatu nne zenye jumla ya 2ab, ukifungua mabano unapata a² + b² = c². Wengi wanaishia hapo na wanasahau kipande kimoja: nani kasema lile umbo la katikati ni mraba? Pande nne sawa zingeweza kuwa rombasi. Lazima uonyeshe pembe zake ni nyuzi 90, kwa kuangalia pale pembe mbili kali za pembetatu zinapokutana nayo kwenye mstari mnyoofu.

Ukimaliza hiyo rudi kwenye ile kanuni ya 48 ya Euclid peke yako: umepewa pembetatu yenye a² + b² = c², onyesha ina pembe ya nyuzi 90. Usijaribu kuitafuta pembe moja kwa moja ndani ya pembetatu uliyopewa, jenga nyingine pembeni, pembetatu mraba yenye pande a na b, tafuta upande wake wa tatu una urefu gani, halafu zilinganishe hizo mbili.